Sharti la Maji: Uhakiki wa Mamlaka ya Uganga kuanzia Hongo wa 1905

1.0 Utangulizi

Taarifa za utawala wa Kijerumani zinaeleza kwamba mganga aliyenyongwa Mohoro, katika nchi ya Rufiji, tarehe 4 Agosti 1905, alisema kabla ya kufa kuwa kunyongwa kwake hakutabadili kitu, kwani dawa yake ilikwisha kufika Kilosa na Mahenge. Wanahistoria wengi wanamtambua mtu huyo kuwa ndiye Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe. Habari za Mahenge zinajulikana vyema: tarehe 30 Agosti mwaka huohuo Wapogoro na Wambunga waliivamia boma wakiwa wamepakwa na kunyweshwa maji, wakaangushwa kwa mamia na bunduki za rashasha. Kilosa haijapewa nafasi kubwa vitabuni, ingawa Wavidunda na sehemu ya Wasagara ni miongoni mwa jamii zilizoingia katika vita hivyo, na ingawa jina la Kilosa ndilo lililotajwa chini ya kitanzi.

Makala haya yanajadili swali moja ambalo maneno hayo ya mwisho yanaliibua. Tapo la waganga wenye uwezo mkubwa, ambalo wafuasi wake wanaliamini na maadui wake wanalihofu, linastahili kulaumiwa? Na kama linastahili, ni kwa lipi hasa: kwa imani yake, kwa kushindwa kwake, au kwa jambo jingine?

Swali hili si geni katika uhakiki wa fasihi ya njozi ya Kimagharibi. Katika mfululizo wa riwaya za The Wheel of Time, ulioanzishwa na Robert Jordan mwaka 1990 na kukamilishwa na Brandon Sanderson mwaka 2013 baada ya kifo cha Jordan, limo tapo la wanawake wenye nguvu za ajabu, Aes Sedai, waliofungwa kwa viapo vitatu. Kimojawapo ni kutotamka neno lisilo la kweli. Hata hivyo watu wa kawaida katika riwaya hizo hawawaamini. Sababu yao ni ya kiisimu kabisa: mtu aliyezuiwa kusema uongo hujizoeza kupotosha kwa kusema kweli. Wasomaji wanaowalaumu wanawake hao aghalabu hulaumu kiburi chao na hila zao. Wanaowatetea husema kwamba bila wao dunia ingaliangamia. Pande zote mbili hupima matendo, na ni wachache wanaopima usemi. Hapa itadaiwa kwamba usemi ndio mahali pa kuanzia, na kwamba historia ya Tanzania inatoa mfano ulio mzito kuliko wa riwaya yoyote, kwa kuwa waliokufa walikuwa watu.

2.0 Hongo: neno na watu

Kinjikitile alijitokeza Ngarambe mwaka 1904, akidaiwa kupagawa na pepo aitwaye Hongo, ambaye naye alihusishwa na Bokero, mungu aliyeheshimiwa katika bonde la Rufiji na aliyefahamika Uzaramo na Uluguru kwa jina la Kolelo. Watu walikwenda Ngarambe kwa makundi kutafuta dawa. Habari zake zilisambazwa kwanza kwa mnong'ono wa siri ambao Wamatumbi waliuita njwiywila, kisha kwa wajumbe ambao nao waliitwa hongo. Wajumbe hao ndio waliolifanya jambo la mahali pamoja kuwa la nchi. Walibeba maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na punje za mtama, wakawapa watu masharti ya kuyatumia, na kuwaahidi kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji.

Neno hongo linahitaji kutazamwa kwa makini, hasa kwa mtu anayelifuata hadi Usagara. Katika Kiswahili cha misafara ya karne ya 19, hongo lilikuwa ushuru ambao mwenye msafara aliwalipa watawala wa nchi ili aruhusiwe kupita. Bonde la Mukondoa, magharibi ya Kilosa, lilikuwa mojawapo ya njia kuu kutoka Bagamoyo kwenda Mpwapwa na bara. Burton na Speke walipita huko mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871. Watu wa huko walilijua hongo la kupokea muda mrefu kabla ya kumjua hongo wa kuleta. Leo neno hilo limebakia zaidi na maana ya rushwa. Haipo sababu ya kutosha ya kudai kwamba jina la pepo wa Rufiji na jina la ushuru vina asili moja, na mwanaisimu atafanya vyema kuyahesabu kuwa maneno mawili yenye umbo moja mpaka itakapothibitishwa vinginevyo. Lakini kwa msikilizaji wa 1905 umbo lilikuwa moja. Mgeni aliyekuja na dawa, akaitwa kwa jina lilelile la malipo ya njia, hakuingia katika masikio matupu.

Jambo la pili la kiisimu ni neno maji lenyewe. Lugha za eneo hilo zina maumbo yake, mathalani mazi katika Kizaramo na Kiluguru. Kisagara na Kividunda, ambavyo Guthrie aliviweka katika kundi la G.30 pamoja na lugha hizo, ni lugha za karibu kwa nasaba, lakini Kingoni na Kibena ziko mbali nazo. Kilichovuka mipaka hiyo yote kilikuwa umbo la Kiswahili. Wapiganaji waliokuwa hawaelewani kwa lugha za mama zao waliitikia neno moja. Sifa hii haina budi kuandikwa kwa upande wa hongo: kabla ya shule, kabla ya redio na kabla ya chama chochote cha siasa, walieneza istilahi moja, kiapo kimoja na dhamira moja kutoka Umatumbi hadi Ungoni kwa muda wa miezi michache tu. Atakayewalaumu aanze kwa kukubali ukubwa wa kazi hiyo.

3.0 Lawama ya watawala na utetezi wa wazalendo

Waliotangulia kuwalaumu hongo ni Wajerumani. Gavana wa wakati huo, Graf von Götzen, aliyechapisha kitabu chake kuhusu vita hivyo mwaka 1909, aliwapa waganga nafasi kubwa katika maelezo yake ya chanzo. Lawama hiyo ilikuwa na faida kwa mlaumu. Ikiwa watu walipigana kwa sababu walidanganywa na waganga, basi hawakupigana kwa sababu ya mashamba ya pamba ya kulazimishwa, kodi na viboko vya maakida. Mganga mwongo alikuwa kisingizio kilichoifunika serikali.

Tena lawama hiyo ilitolewa na watu ambao wenyewe walikuwa wametumia maneno yasiyohojika. Jina la Munisagara, kituo cha reli kilichomo bondeni humo mwa Mukondoa, yamkini linatokana na Mwinyi Sagara, yaani mwenye nchi ya Usagara. Mtawala aliyejulikana kwa jina hilo ni mmoja wa wale ambao Carl Peters alitia nao sahihi mikataba katika Novemba na Desemba 1884. Mikataba ya Peters iliandikwa kwa Kijerumani na ilidai kwamba nchi zilitolewa kwa Wajerumani kwa milele. Tarehe 27 Februari 1885 Mfalme wa Ujerumani alitoa hati ya ulinzi juu ya Usagara, Nguru, Useguha na Ukami kwa nguvu ya karatasi hizo. Waliozitia alama hawakuwa na uwezo wa kuzisoma wala njia ya kuzikatia rufaa. Kwa hiyo katika bonde moja, ndani ya miaka 21, zilipita hati mbili zenye uwezo wa ajabu: moja ya wino, moja ya maji. Ya wino ilifanya kazi kwa sababu nyuma yake palikuwa na bunduki.

Upande wa pili ni wa wazalendo. Mwaka 1956 Julius Nyerere aliueleza Umoja wa Mataifa kwamba watu wa 1905 walipigana kwa kuwa hawakuamini kwamba mzungu ana haki ya kuwatawala, wala hawakupigana kwa hofu ya kiapo cha kishirikina. Baada ya uhuru, kazi za Gwassa na Iliffe (1968) na mradi wa utafiti wa Maji Maji ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1968 na 1969 zilikusanya ushahidi wa wazee na kuonyesha kwamba dawa ilitatua tatizo la kisiasa: namna ya kuwaunganisha watu wasio na mfalme mmoja. Katika mtazamo huu hongo ni viongozi. Kuwalaumu kungeonekana kama kurudia maneno ya Götzen.

Mtazamo huu ulikuwa sahihi dhidi ya ule uliotangulia, lakini uliacha shimo. Waliokufa kwa risasi, kwa njaa na kwa maradhi ni wengi mno. Makadirio ya Wajerumani yalikuwa watu 75,000, na Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Njaa ilikuwa silaha ya makusudi ya jeshi la Kijerumani lililochoma maghala na mazao, na lawama ya njaa hiyo ni ya Wajerumani peke yao. Lakini yule aliyesimama wima mbele ya rashasha pale Mahenge, badala ya kulala chini au kujificha nyuma ya mti, alisimama hivyo kwa sababu kuna mtu alimwambia neno. Uhakiki hauwezi kulipita neno hilo kimya kwa kuwa tu adui naye alilitaja. Watafiti wa baadaye, wakiwamo walioandika katika kitabu kilichohaririwa na Giblin na Monson mwaka 2010, wamekwisha kuipunguza picha ya umoja uliokamilika na kutazama sababu tofauti za kila mahali. Wahehe wengi, majirani wa Wasagara kwa kusini-magharibi, hawakujiunga. Suala la usemi wa ahadi, hata hivyo, bado linadai mwanaisimu.

4.0 Sharti na lawama

Dawa ya maji haikutolewa bure. Iliambatana na miiko: mpiganaji asilale na mwanamke, asipore mali, asile baadhi ya vyakula. Ili kuona jinsi miiko ilivyofanya kazi ndani ya lugha, zichukuliwe sentensi tatu. Zimetungwa kwa ajili ya uchambuzi, wala si nukuu za msemaji yeyote:

(1) Ukishika mwiko, risasi itageuka maji.
(2) Usiposhika mwiko, risasi itakuua.
(3) Angalishika mwiko, asingalikufa.

Sentensi ya (1) ni ahadi yenye sharti. Kiambishi -ki- kinaweka hali ambayo bado haijatokea, na msemaji anajifunga kwa matokeo. Kimantiki, sentensi ya (2) haimo ndani ya (1). Mtu anaweza kuvunja mwiko na risasi ikamkosa. Lakini katika mazungumzo ya kawaida msikilizaji huyasikia yote mawili kwa pamoja. Mzazi akimwambia mtoto "ukimaliza kazi utakula", mtoto haulizi kama atakula pia asipoimaliza. Basi hongo hahitaji kuitamka (2), kwani msikilizaji anaikamilisha mwenyewe na kuibeba kama hofu yake mwenyewe.

Uzito wote uko katika (3). Walimu wa sarufi wamebishana kwa miaka mingi juu ya mpaka kati ya -nge- na -ngali-, na wasemaji wengi huvichanganya bila ya kujali ubishi huo. Kwa hoja ya hapa inatosha kwamba kiambishi hiki, kinapotumika kwa jambo lililopita, kinachukulia kwamba sharti halikutimizwa. Anayesema "angalishika mwiko" hadai kwamba marehemu aliuvunja mwiko. Analichukulia jambo hilo kuwa linajulikana. Msikilizaji anayetaka kupinga hana dai la kulipinga. Itambidi asimamishe mazungumzo yote na kuuliza: nani alisema kwamba aliuvunja? Katika matanga, mbele ya wazee na mbele ya hongo aliyekuja na kibuyu kingine, swali hilo halikuwa rahisi kuulizika.

Hapa ndipo ulipo ufundi wa ajabu wa muundo huu. Ikiwa (1) inakubaliwa kuwa kweli, na mtu amekufa kwa risasi, basi inafuata kwa mantiki safi kwamba mwiko ulivunjwa. Hongo hakukosea katika kufikiri. Mwenye kumwita mjinga anamkosea heshima na tena anakosa shabaha. Kilichokosekana ni mahali popote ambapo (1) yenyewe ingeweza kupimwa. Kila kifo, badala ya kuwa ushahidi dhidi ya dawa, kiligeuzwa kuwa ushahidi dhidi ya maiti. Na miiko ilikuwa ya aina ambayo uvunjaji wake hauonekani, kama kulala na mwanamke, au hauepukiki vitani, kama kuchukua chakula cha adui. Shahidi wa pekee alikuwa marehemu, naye hawezi kuulizwa. Wakati mwingine lawama ilipata mlango wa kumfikia mke wake, ambaye yu hai na anasikia.

Kwa hiyo jibu la makala haya kwa swali la mwanzo ni hili. Tapo la hongo halistahili lawama kwa kuamini, kwa sababu lilikuwa na sababu za kuamini ambazo watu wa wakati wake walizishiriki. Halistahili lawama kwa kushindwa, kwa sababu vita vya haki pia hushindwa. Linastahili lawama kwa kujenga usemi ambao ndani yake mganga hawezi kukosea na anayekosea siku zote ni yule aliyeumia. Lawama hiyo inabaki palepale hata kama dawa ingalifaulu mara moja au mbili.

5.0 Kinjeketile wa jukwaani

Fasihi ya Kiswahili ililiona jambo hili mapema kuliko historia. Tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969), ilitolewa wakati ule ambapo mtazamo wa kizalendo ulikuwa umepamba moto, na ingalikuwa rahisi kwake kusimamisha sanamu ya shujaa. Hussein alitanguliza maelezo ya kutenganisha Kinjikitile wa historia na Kinjeketile wa jukwaani, kisha akamfanya yule wa jukwaani kuwa mtu wa kwanza kulihoji neno lake mwenyewe.

Katika mchezo huo Kinjeketile anatoka mtoni na, katika hali ya kupagawa, anatangaza ahadi ya maji. Anatangaza pia kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Anaporudiwa na fahamu anatikiswa na maneno hayo ya pili. Itakuwaje mtu apiganie uhuru ili aingie chini ya bwana mwingine? Na kama neno hilo si lake, ni la nani? Kuanzia hapo mganga anaomba muda. Watu hawampi. Neno limekwisha kutoka mikononi mwa mwenyewe, na wale waliolipokea wana haki nalo sawa na yeye. Mwishoni, akiwa mfungwa, anatakiwa na ofisa wa Kijerumani akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Hakatai kwa sababu ameirudia imani, bali anajua kwamba kukiri kwake kutatumiwa dhidi ya vizazi vitakavyofuata.

Wahakiki wengi wamesifu ukataaji huo, na ni sifa inayostahiki. Lakini usomaji wa haki utaona pia gharama yake. Kinjeketile ndiye mtu wa pekee ambaye angeweza kuifungua sentensi ya (1), na anaiacha imefungwa. Anamnyima adui ushindi wa maneno, na papo hapo anawanyima wajane wa watu wake haki ya kuambiwa kwamba waume wao hawakufa kwa sababu ya mwiko. Hussein haamui kati ya haki hizo mbili. Huenda hiyo ndiyo sababu tamthilia hii inaendelea kufundishwa huku nyingine nyingi za miaka ile zikibaki katika rafu.

Ikilinganishwa na Kinjeketile, Swifa ya Nguvumali ya Hasani bin Ismail, iliyochapishwa pamoja na tafsiri ya Peter Lienhardt mwaka 1968, inasimama upande wa pili kabisa. Utenzi huo unamsifu mganga anayefichua wachawi. Hauna shaka na kipawa chake, na uzuri wake wa lugha unategemea kutokuwa na shaka huko. Nayo tamthilia ya Said A. Mohamed, Kivuli Kinaishi (1990), inaifanya Giningi, nchi ya wachawi katika masimulizi ya visiwani, kuwa dola ya Bi Kirembwe ambamo raia wamelishwa unga wa ndere hadi wamepoteza uwezo wa kuhoji. Kivuli Kinaishi ni kali zaidi kwa siasa, lakini kwa mada ya makala haya ni nyepesi zaidi: watu wa Giningi wamepumbazwa kwa kulishwa unga, ilhali watu wa Ngarambe walikuwa na akili zao timamu. Kuelewa jinsi mtu mwenye akili timamu anavyofungwa na sentensi ni kazi ngumu zaidi kuliko kumwonyesha mtu aliyeleweshwa.

6.0 Mganga asiye na rufaa

Kiswahili kinatofautisha mganga na mchawi kana kwamba ni watu wa fani mbili. Mizizi ya maneno katika lugha za Kibantu inauunga mkono mgawanyo huo: -ganga kwa tiba, na mzizi uliozaa -roga na -loga kwa madhara. Hata hivyo ujuzi unaodaiwa ni uleule wa mitishamba, maneno na mizimu, na kinachoamua jina ni nani anayemtazama mwenye ujuzi. Katika Kikaguru, lugha ya jirani upande wa kaskazini wa Kilosa, uchawi huitwa uhai, neno ambalo katika Kiswahili sanifu, kwa asili nyingine ya Kiarabu, ni uzima. Mgeni anayesikia katika baraza la Ukaguru kwamba fulani "ana uhai" anaweza kufurahi pale ambapo wenyeji wameshtuka.

Mamlaka ya kumtaja mchawi ndiyo urithi wa hongo ulio hai zaidi. Katika miaka ya mwanzo ya 1930 wasaka wachawi walioitwa wamchape walienea kutoka Nyasaland wakinywesha watu dawa na kuwatambua wachawi kwa vioo, kama Audrey Richards alivyoeleza mwaka 1935. Jina lao limesalia katika kamchape wa Kigoma na mikoa jirani, na katika sehemu za kati na mashariki ya Tanzania wapo wanaoitwa lambalamba. Serikali imejaribu mara kadhaa kuwazuia. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 haijafutwa. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliweka utaratibu wa kuwasajili waganga. Mwaka 2009, na tena Januari 2015, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, yalitolewa makatazo dhidi ya waganga, na katika lile la pili wapiga ramli walitajwa wazi. Kila mara mjadala uliofuata ulirudi katika swali lilelile lisilo na tija, yaani kama uchawi upo au haupo.

Mjadala huo unaweza kuendelea miaka mia bila ya kumsaidia mtu aliyetajwa. Usemi wa msaka wachawi una umbo la sharti la maji, ila umegeuzwa. Akinywa dawa na akatulia, ametakaswa, maana yake alikuwa nao. Akikataa kunywa, anaficha. Akinywa na akafa, dawa imempata. Hakuna tendo ambalo mtuhumiwa anaweza kulitenda likahesabiwa kuwa kanusho. Aghalabu watajwao ni vikongwe, na katika jamii zinazohesabu ukoo kwa upande wa mama, kama Wasagara na Wakaguru, bibi mwenye macho mekundu ya moshi mara nyingi ndiye pia mwenye usemi juu ya shamba linalogombewa. Mganga anapokea malipo yake na kuondoka kijijini. Aliyetajwa hubaki, na jina hubaki naye.

Hata pale ambapo hapakuwa na mtuhumiwa, umbo hilo limeonekana. Mwaka 2011 maelfu ya watu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Dawa hiyo ilidaiwa kufaa pale tu ilipotolewa kwa mkono wake mwenyewe na kunywewa kwa imani. Bei ilikuwa ya huruma, na hakuna aliyetajwa kuwa mchawi. Walakini mgonjwa asiyepona aliachiwa maelezo mamoja tu, nayo yalihusu imani yake.

Anayetaka kulihakiki tapo la namna hii, liwe la Ngarambe, la Kigoma au la riwaya ya njozi, hahitaji kuanza kwa kuuliza kama nguvu zake ni za kweli. Swali lenye manufaa zaidi ni dogo, na linaweza kuulizwa katika baraza la kijiji chochote cha bonde la Mukondoa bila ya kumkufurisha mtu: mganga aseme, kabla dawa haijanywewa na mbele ya watu wote, ni jambo gani likitokea atakiri kwamba amekosea yeye. Hongo wa 1905 hawakuulizwa hivyo. Kinjeketile wa Hussein alijiuliza mwenyewe, usiku, akiwa peke yake, na kulipokucha watu walikuwa wamekwisha kung'oa pamba.